Hofu ya Hesabu Isikufungie Mlango

Una shahada ya kwanza, una kazi mjini, na kila jioni matatu ikikwama Barabara ya Waiyaki unawazia shahada ya uzamili. Kisha unakumbuka kwamba mtihani wa GRE, unaotakiwa na baadhi ya vyuo vya nje kwa masomo ya uzamili, una hesabu, na moyo unanywea. Unajiambia hesabu mliachana siku ya karatasi ya mwisho ya KCSE. Nakusihi, acha kujihukumu kwa gredi ya zamani!

Tazama kilichomo. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na takwimu, mambo ambayo kwa sehemu kubwa uliyagusa kabla ya kumaliza kidato cha nne. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa: maswali ya hesabu ni 27 na muda wake dakika 47. Kikokotoo kipo papo hapo kwenye skrini. Kinachopimwa hasa ni akili iliyotulia.

Chukua swali hili: kipi kikubwa, x au x mara x? Mwenye pupa atasema x mara x, maana 3 mara 3 ni 9. Ngoja kwanza. Weka nusu: nusu mara nusu ni robo, imepungua. Weka 1: zinalingana. Basi jibu sahihi ni kwamba haiwezi kujulikana. Hukuhitaji kanuni yoyote ngumu. Ulihitaji mazoea ya kujiuliza: je, ikiwa sifuri? Ikiwa hasi? Ikiwa sehemu?

Au nauli ya Kawangware. Ikiwa shilingi 100, mvua inyeshe ipande asilimia 20, utalipa 120. Jua likiwaka ishuke asilimia 20, hairudi 100. Inakuwa 96, kwa sababu punguzo limekatwa kwenye 120. Hesabu hizi unaishi nazo kila siku. Usikubali mtu akuambie si zako.

Sasa kazi. Nunua daftari, uliite la makosa. Kila swali ulilokosa liandike, na kando yake sababu: sikuelewa swali, sikujua kanuni, au niliharakisha. Baada ya wiki lirudie bila kuchungulia jibu. Wengi hukimbilia maswali mapya na kubeba makosa yaleyale hadi chumba cha mtihani. Wewe yamalize mezani kwako. ETS, wanaoutunga mtihani huo, wametoa mitihani miwili ya majaribio bure mtandaoni: mmoja ufanye mapema ujue ulipo, wa pili uuweke hadi ukaribiapo siku yako.

Na usisome peke yako. Tafuta mwenzako wa Kangemi, mwingine wa Kileleshwa, mkutane Jumamosi, kila mmoja awaeleze wengine swali moja hadi waelewe. Ukiweza kulifundisha, umelimiliki.

Na ukidhani mlango umefungwa, kumbuka Maktaba ya McMillan, pale Mtaa wa Banda jijini Nairobi: ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baadaye ikakabidhiwa halmashauri ya jiji, ikawa ya wote. Waliotutangulia walizuiwa na wengine. Sisi tusijizuie kwa hofu tuliyojipandia wenyewe.

Usingoje Januari wala mshahara mnono. Usiku huu kaa na maswali matano, uyafanye kwa makini, ukague kila kosa. Kesho matano mengine. Nafasi hiyo ya chuo ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Kamata kalamu!