Kwa Nini Mwanafunzi wa Bahi Asome Ubudha

Bahi ina mpunga, mifugo, samaki wa bwawani, makanisa na misikiti. Mbudha humwoni, na akionekana, huenda ni mhandisi wa kigeni aliyekuja na mradi na ataondoka nao. Ukipeleka kijiweni wazo kwamba kijana wa wilaya hiyo aende Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 na kisicho mbali na kwao, akasome Ubudha na urithi wake wa utamaduni, utaulizwa kama umekosa la kusema. Swali la kwanza litakuwa: kwa faida ya nani, ilhali hata muumini mmoja hatuna? Hoja ya makala hii ni kwamba kukosekana kwa waumini ndiko kunakolifanya somo hili lifae. Dini ambayo hakuna mtu darasani anayelazimika kuitetea wala kuishambulia ndiyo inayoweza kumfundisha msomi wetu jinsi ya kuisoma dini yoyote, ikiwamo ile ya mababu zake ambayo hadi leo tunaisoma kwa miwani ya kuazima.

Tazama tunavyojifunza dini. Shuleni, kipindi cha dini kikifika darasa hugawanyika, Wakristo kwao, Waislamu kwao, na kila upande humpata mwalimu wa imani yake. Nje ya shule, namna ya kulinganisha dini tuliyoizoea ni mihadhara iliyovuma miaka ya 1980 na 1990, ambapo kitabu cha jirani kilifunguliwa ili kitafutiwe kasoro. Serikali, kwa sababu zinazoeleweka, ilikaa kando: sensa yetu haijamuuliza mtu dini yake tangu ile ya 1967, na ibara ya 19 ya Katiba inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Busara hiyo imetuletea amani. Lakini imetuachia pia wahitimu wanaojua dini kwa njia mbili tu, ya kwangu na ya mpinzani wangu. Njia ya tatu, ya kuisoma dini kama tunavyosoma historia au sheria, ina idara zake katika vyuo kama Dar es Salaam na Makerere, ila haijawa mazoea ya wasomi wetu kwa ujumla.

Wala Ubudha si mgeni kabisa katika nchi hizi. Upanga, Dar es Salaam, liko hekalu lenye mti wa bodhi, mti mtakatifu wa Wabudha, kumbukumbu ya wahamiaji wa Kisinhala waliotoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) enzi za ukoloni. Kilichopenya zaidi ni hadithi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London visa alivyosimuliwa Unguja, na ndani ya kisa cha punda wa dobi mna kima na papa. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa matunda, urafiki unakolea. Siku moja papa anambeba kumpeleka kwao. Wakiwa katikati ya maji anamfungulia siri kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anasema kima wakisafiri mioyo huiacha mitini, basi warudi wakauchukue. Kisa hichohicho kimo katika Jataka, mkusanyo wa Kipali wa visa vya maisha ya kale ya Budha: kule papa ni mamba wa mto Ganges, anayeutamani moyo ni mke wa mamba, na kima ni Budha mwenyewe kabla hajazaliwa kuwa Budha. Mti anaouonyesha kuwa ndipo moyo ulipotundikwa ni wa jamii ya mkuyu vilevile. Kisa hicho kiliingia pia katika Panchatantra ya Wahindu, kikapita Uajemi, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu ndani ya Kalila na Dimna. Kwa njia za namna hiyo, na kwa midomo ya mabaharia wa pepo za kaskazi, kikatua Unguja. Ethiopia nako, mwaka 1553, mtawa Enbaqom wa Debre Libanos alitafsiri kutoka Kiarabu hadi Kigeezi habari za Baralam na Yewasef. Huyo Yewasef, mwana wa mfalme aliyefungiwa ndani asiuone ugonjwa, uzee wala kifo, ni Budha aliyevikwa Ukristo. Mkaguzi mkali atasema hadithi husafiri bila dini yake, na kwamba Wabudha wenyewe huenda kisa cha kima walikiokota njiani. Ni kweli, na ndiyo maana siitegemei hoja hii peke yake. Inaonyesha tu kwamba mwanafunzi wetu haanzi na ukurasa mtupu.

Ushahidi mzito uko karibu zaidi na Bahi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cambridge kilichapisha kitabu kilichohaririwa na Edmund Leach kuhusu dini jinsi watu wa kawaida wanavyoiishi. Ndani yake Gananath Obeyesekere anaandika juu ya Wabudha wa Ceylon, S. J. Tambiah juu ya kijiji cha Wabudha wa Thailand, na Peter Rigby juu ya matambiko ya Wagogo, wenyeji wa Bahi, ya kuitakasa nchi. Wagogo na Wabudha, jalada moja. Rigby anaeleza jinsi hali inapoharibika, mifugo ikiugua, wanawake wanavyovaa kiume, wanashika mikuki, wanachunga ng'ombe, kisha wanacheza ngoma ya kuusukumia mbali uovu uliovamia nchi. Aliyezoea kuuliza dini inasadiki nini atauliza wanawake hao wanamwomba nani, na akikosa jibu la haraka ataandika kwamba ni ushirikina. Rigby aliuliza jingine: kitendo chenyewe kinafanya kazi gani? Akaona kwamba mambo yakipinduka, watu nao hupindua nafasi za mume na mke ili yageuke tena yarudi yalivyokuwa. Tambiah naye, kwa wanakijiji wake, hakuanza na nirvana, ule ukombozi wa mwisho wa vitabuni. Alianza na thawabu: baba anayejenga hekalu, kijana anayeingia utawa kwa muda ili thawabu iwaendee wazazi. Obeyesekere akaonyesha kwamba Msinhala anayekubali kuwa matendo ya maisha yaliyopita ndiyo yanayompa shida za leo bado huenda kumwomba mungu wa mahali amsaidie. Ubudha unamlazimisha msomi aache kuuliza habari za Muumba kwanza, kwa kuwa haukujengwa juu ya Muumba. Akishazoea kuuliza hivyo huko mbali, hawezi tena kurudi Bahi na lile swali la zamani.

Hapo ndipo pingamizi kubwa kuliko yote linaposimama. Kwa nini tusianze na vya kwetu? Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, na ni wahitimu wangapi wa Dodoma waliokifungua kitabu hicho? Pingamizi hili nalikubali nusu. Kusoma Ubudha badala ya Wagogo ni upuuzi. Lakini kusoma vya kwetu peke yake hakutufundishi kuviona, na mfano hai uko Kondoa, mkoa huohuo wa Dodoma. Michoro yake ya miambani iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na pale Mungumi wa Kolo wenyeji bado hufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Pombe ya tambiko ikirushwa mwambani, mhifadhi huona michoro inaharibika; mwenye tambiko huona mahali panaheshimiwa kama inavyopasa. Mgogoro huu tumeutazama kana kwamba ni wetu peke yetu, au kana kwamba ni ujinga wa wanakijiji. Nenda Anuradhapura, Sri Lanka. Ruwanweliseya, kuba kubwa la kale lenye masalia matakatifu, karne ya 19 lilikuwa kilima cha matofali kilichoota miti. Waumini walilijenga upya, wakalipaka chokaa nyeupe, wakamaliza 1940. Kwa mwanaakiolojia, tabaka jipya linafunika ushahidi wa kale. Kwa muumini, kulipaka ni thawabu, na kuba lililoachwa gofu ni aibu ya walio hai. Nchi za Kibudha zimebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, mahakamani, magazetini na katika ofisi za mambo ya kale, na zimeacha maandishi tele. Ofisa wa mambo ya kale atakayetumwa Kolo bila kuyajua hayo anakwenda kubuni upya kile ambacho wenzake walishakivunjia vichwa.

Hofu ya kwamba vijana watasilimishwa, au watabatizwa, kwa namna ya Kibudha haifai kuchekwa. Malawi kipo kituo cha yatima cha Amitofo, kilichoanzishwa na mtawa kutoka Taiwan, ambako watoto wa Kiafrika hulelewa wakijifunza Kichina na mapokeo ya Kibudha. Mtu anayo haki ya kuuliza mtoto yatima ana hiari kiasi gani. Uganda, Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubudha alipokuwa mwanafunzi India, alifungua kituo chake karibu na Entebbe mwaka 2005. Lakini yeye aliuchagua akiwa mtu mzima, wala hakufundishwa na chuo kikuu cha kwao. Chuo cha umma kinachofundisha kwa mitihani, kwa vitabu vinavyopingana, na kwa mwalimu asiyedaiwa kuamini, ni mahali pabaya sana pa kumtafutia mtu wongofu. Hatari halisi iko kwenye fedha. Chuo Kikuu cha Dodoma kinayo Taasisi ya Confucius, ya fedha za China, tangu 2013, na tunajua kwamba anayelipa mshahara wa mwalimu huwa na neno katika mtaala. Ikiwa somo la Ubudha litakuja kama zawadi ya ubalozi au ya jumuiya ya watawa, afadhali lisije.

Inabaki ajira, na hapa sitaki kumdanganya mzazi wa Bahi aliyeuza magunia ya mpunga kuongezea mkopo wa Bodi ya Mikopo. Shahada nzima ya Ubudha haina soko Tanzania, wala siipendekezi. Kinachofaa ni kozi moja au mbili ndani ya shahada za historia, utalii na mambo ya kale, zikifundishwa kwanza na mwalimu mgeni mwenye mkataba wa chuo chenyewe, huku kijana mmoja wa kwetu akipelekwa Peradeniya, Sri Lanka, kujifunza Kipali. Zoezi la mwisho la kozi lisiwe insha juu ya nirvana. Liwe ripoti ya uwandani juu ya tambiko moja la Bahi au Kolo, na wazee waliohojiwa wasomewe kwa Kiswahili au Kigogo kabla halijatiwa alama, wapate nafasi ya kusema ni wapi mwandishi ameuliza swali lisilo lao.