Hesabu mzigo kwanza, ndipo utoe zaka

SIFA zote njema ni za Allah (s.w.), aliyetupa mali kisha akaweka ndani yake haki ya wenzetu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyejulikana kwa uaminifu wake katika biashara kabla hata ya kupewa utume, pamoja na ahali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, kila Ramadhani inapokaribia, sisi tunaosomesha darsa misikitini huulizwa swali lile lile na wenye maduka: "Ustadh, mwaka huu nitoe ngapi?" Nami huwajibu kwa swali: una mzigo wa shilingi ngapi? Hapo kimya huingia. Mmoja atakuna kichwa aseme, "Tuseme kama milioni arobaini hivi." Mwingine atasema yeye ana kawaida yake, hutoa laki tano kila mwaka, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yake. Lakini mtu huyo huyo, ukimkopa jora moja la kitambaa, ataliandika daftarini kabla hujatoka mlangoni.

Nasema wazi tangu mwanzo: kwa mwenye biashara, kuhesabu mzigo ni sehemu ya zaka yenyewe. Asiyehesabu hajui alichotoa. Huenda kilichotoka ni sadaka, na Allah atamlipa kwa sadaka hiyo, lakini haki ya maskini bado imebaki ndani ya maboksi yake.

Tutazame waliotutangulia. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alimtaka Hamas, aliyekuwa akiuza ngozi na podo za mishale, atoe zaka ya mali yake. Hamas akajitetea kuwa hana mali ila bidhaa hizo. Sayyidna Umar hakuukubali udhuru huo. Alimwamrisha azithaminishe, kisha azitolee zaka. Naye Maymun bin Mihran, mwanachuoni katika Tabiina, alifundisha utaratibu mzima: siku ya zaka ikifika, mtu atazame fedha alizonazo na bidhaa za kuuza, azithaminishe, aongeze anachowadai watu wenye uwezo wa kulipa, apunguze anachodaiwa, kisha atoe zaka ya kilichobaki. Sasa jiulize, utathaminisha vipi kitu usichokijua idadi yake?

Wapo wanaohoji: mbona Mtume (s.a.w.) alimtuma Abdullah bin Rawaha (r.a.) Khaybar kukadiria tende zikiwa bado mtini? Ni kweli. Lakini tende iliyo mtini haiwezi kupimwa mpaka ivunwe, na aliyetumwa alisafiri, akaiona mitende kwa macho yake. Wewe mzigo wako uko umbali wa mkono, nawe unaukadiria bila hata kuinuka kwenye kiti cha kaunta!

Tunakijua pia kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu. Somo lake mashuhuri ni katazo la kughushi. Mimi naona humo lipo na somo la ukaguzi: hakuridhika na kilichoonekana juu, aliingiza mkono.

Tuje kwenye utekelezaji. Jambo la kwanza ni tarehe. Zaka huenda kwa mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku 11 hivi. Wengi wetu tunahesabu mzigo Desemba 31 kwa ajili ya TRA, na baada ya hapo hatuhesabu tena. Wanazuoni wa zama hizi wamemruhusu anayefunga hesabu kwa mwaka wa jua atumie mwaka huo, ila badala ya asilimia 2.5 atoe takriban 2.577, ili siku hizo 11 zisipotee juu ya maskini. Lililo bora ni kuwa na siku yako ya Hijria, inayojulikana na mkeo na wanao. Na si lazima iwe Ramadhani. Kama mwaka wa mali yako unatimia Rajabu, maskini wa Rajabu ana njaa Rajabu.

Jambo la pili ni maandalizi. Wiki moja kabla, panga duka. Vitu vya aina moja vikae pamoja. Vilivyoharibika au kupitwa na muda vitengwe, kwani huwezi kuvithaminisha kama vizima, na kuviuza kama vizima ni ghushi. Bidhaa ambazo mteja amekwisha kuzinunua na hajazichukua ziwekwe pembeni, hizo ni amana. Mzigo uliopewa uuze kwa niaba ya mwenyewe, na usiouzika unaurudisha, huo nao si wako. Lakini ulioununua kwa mali kauli ni wako, na deni lake ni lako. Kisha orodhesha vilivyo nje ya duka: stoo ya nyumbani, vilivyo mikononi mwa vijana wanaotembeza barabarani, na mzigo uliokwisha kuununua ambao bado uko baharini. Shelfu, mizani, friji na gari la kusambazia viache, maana hukuviweka ili uviuze.

Jambo la tatu ni siku yenyewe. Funga mlango. Pasiingie kitu wala kutoka mpaka hesabu iishe, la sivyo utahesabu kimoja mara mbili na kingine usikihesabu kabisa. Watu wawe wawili wawili, mmoja ahesabu kwa sauti, mwenzake aandike kwa wino kwenye karatasi zilizotiwa namba, ili ikipotea moja ijulikane. Mtunza stoo asiachwe kuhesabu stoo yake peke yake. Wala wanaohesabu wasiambiwe idadi iliyomo kwenye kompyuta, kwani ukimwambia mtu ziko 48, atatafuta mpaka azione 48. Fungua baadhi ya maboksi yaliyofungwa. Shelfu iliyokwisha ipigwe alama ya chaki. Mwisho, jozi nyingine irudie sehemu ya hesabu.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana ndipo dhulma inapoingia. Kompyuta inasema vitenge ni 60, shelfuni viko 54. Tajiri bila kuuliza anamkata kijana wa dukani mshahara, au anamfukuza kwa jina la wizi. Ndugu yangu, Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari, na ikatukataza dhana nyingi. Je, umetazama risiti ambazo hazikuingizwa? Umetazama kama mzigo ulipokelewa pungufu tangu siku ya kwanza? Na vile vitenge viwili ulivyompelekea shemeji yako siku ya harusi, uliviandika wapi? Mara nyingi anayechukua bila kuandika ni mwenye duka mwenyewe. Ukishahakikisha kuwa kuna mwizi, fuata sheria. Kabla ya hapo, heshima ya kijana yule ni haki yake, nawe utaulizwa juu yake kama utakavyoulizwa juu ya zaka.

Baada ya hesabu, thamini mzigo kwa bei ya soko ya siku ile. Si bei uliyonunulia miaka miwili iliyopita, wala si bei unayoiota. Muuza jumla atumie bei ya jumla. Wa rejareja amuulize sheikh wake, maana zipo kauli zaidi ya moja. Tuchukue mfano. Mzigo ni milioni 60, fedha taslimu pamoja na za benki na za kwenye simu ni milioni 8, na unadai milioni 12 kwa watu wanaolipa. Jumla ni milioni 80. Unadaiwa milioni 20 zilizofika muda wake. Zimebaki milioni 60, na zaka yake ni 1,500,000. Wewe ulizoea kutoa laki tano! Hiyo milioni moja ni ya nani, na imekaa kwako miaka mingapi?

Najua wako watakaosema kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi kauli mashuhuri ni kwamba deni halipunguzi zaka. Ni sawa, na anayeishika kauli hiyo zaka yake katika mfano huu itakuwa milioni mbili. Ikhtilafu hiyo waachieni wanazuoni. Mimi nasema kauli yoyote utakayoishika, haikuondolei wajibu wa kuhesabu.

Tena hesabu haimpendelei maskini peke yake. Yupo mtu anayetoa mapesa mengi Ramadhani na kusifiwa mtaa mzima, lakini angehesabu angeona kuwa mzigo wake haufiki nusu ya anachodaiwa. Huyo anagawa fedha za watu huku wanaomdai wanamkimbiza. Yupo na mwenye mshirika, ambaye hugawana faida ya kukisia kila mwaka. Kati ya wawili hao lazima mmoja anakula cha mwenzake. Na sote ni wasafiri. Ukifa leo, warithi wako watakuta nini? Duka limejaa na daftari tupu. Ugomvi wa mirathi mara nyingi huanzia hapo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Hilo pekee latosha kutuonyesha daraja ya kalamu katika mali ya Muislamu.

Basi ndugu msomaji, usisubiri mwezi uandame. Chagua siku yako, nunua daftari, waite vijana wako na uwaambie kuwa kazi ya usiku huo ni ibada. Walipe ujira wa saa za ziada, maana haifai kutafuta haki ya maskini kwa kumdhulumu maskini mwingine. Hesabu, andika, kisha toa.

Iko siku mali zetu zitahesabiwa na Asiyepitikiwa hata na uzito wa chembe. Siku hiyo hakuna atakayesema "tuseme kama milioni arobaini hivi." Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase mali zetu, atusamehe tuliyoyapunguza, na atupe nguvu ya kuwafikishia wenye haki haki zao.

Wabillahi tawfiq.