Je, Matabishi ni Zawadi?

Siku moja huko Kasongo nilikula wali katika nyumba ya chakula. Nilipokwisha kulipa, nikamwachia msichana aliyetuandalia matabishi: noti iliyochanika, ambayo wachuuzi wawili walikuwa wameikataa asubuhi ile. Akapiga goti, akanishukuru. Njiani dhamiri ikanisuta.

Sarafu za makuta za mwaka 1967 hazikuchanika. Franka za 1998 zilikuja zote karatasi, hata santimu 1.

Mjane wa Injili alitoa senti mbili, ndogo mno, lakini nzima. Hatulazimishwi kuacha matabishi. Asiye na kitu na aseme asante, aende zake kwa amani. Bali mimi nilimtwika maskini hasara yangu, nikaiita zawadi.

Nikarudi kuibadili.