Dema Lililokatika Kamba

Mzee mmoja wa Mitwero aliwahi kuniambia: "Mwanangu, kamba ya boya ikikatika, dema umelipoteza wewe tu. Lenyewe halijaacha kazi." Samaki anaingia, anafia humo, anakuwa chambo cha mwingine.

Nimemkumbuka mwezi huu kwa sababu ya Boto3, maktaba ya Python ya kuendesha kompyuta za kukodi za Amazon. (Jina ni la pomboo wa mto Amazon, hata mimi nilicheka.) Ndani yake kila seva ni kitu: unakipa jina, unakiamuru kiwake, kizime, kikome. Nikawasha seva tatu za majaribio huko Cape Town, kwa akaunti ya mteja. Nikafunga programu, nikalala.

Kumbe kile kitu kwenye programu ni boya tu. Ukilifuta jina, seva haina habari; inaendelea kula umeme, na Afrika Kusini umeme mwingi ni wa makaa ya mawe.

Sikukusudia, sawa. Ila mzee naye hakukusudia, na bado hupiga mbizi kulitafuta dema lake gizani. Mimi sihitaji hata kulowa. Mistari mitatu ya Boto3 inaorodhesha kila seva inayowaka. Niliiandika baada ya wiki tano. Je, usahaulifu wa mtu mwenye orodha mkononi bado ni usahaulifu?

Nimezikomesha zote. Bili mteja ameshalipa, wala hakuuliza. Namba yake ninayo, na tangu asubuhi naitazama.