Herufi N

Mtito Andei iko karibu nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, na trela hazilali hapa. Ukiendesha boda, barabara inakufunza haraka ama inakumaliza. Ndiyo maana nilianza kuandika. Nilikuwa nimesikia kuwa waendeshaji wa mbio za pikipiki huandika kila kitu: kona ipi, gia ipi, breki walishika wapi. Nikanunua daftari.

Kila jioni nikawa naandika. "Ilichelewa kusimama." "Iliyumba trela ilipopita."

Siku moja nilimwangusha abiria, mama wa mboga, pale barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami. Ekzosi ilimchoma mguu. Usiku nikaandika: "Iliteleza kwenye changarawe." Wiki tatu baadaye nikaanguka palepale, nikiwa peke yangu. Nikafungua daftari nione nilikuwa nimejifunza nini. Hakuna. Kurasa zote, mkosaji ni pikipiki. Ungedhani mimi pia nilikuwa nimebebwa tu.

Kati ya "iliteleza" na "niliteleza" kuna herufi moja. Hiyo N ndiyo nilikuwa naikwepa, na kuikwepa kulinigharimu zaidi ya dhamiri. Changarawe siwezi kuiondoa. Mwendo wangu naweza kuupunguza. Lakini daftari lisilo na mtu ndani yake haliwezi kumbadilisha mtu yeyote.

Msee mmoja wa steji akanipinga: "Trela ikikusukuma nje ya lami, bado utajilaumu?" Ana haki. Kujibebesha kila kosa pia ni uongo, tena uongo unaowafurahisha wenye trela na wenye kuacha barabara zioze. Kwa hiyo sasa naandika mistari miwili: barabara ilifanya nini, mimi nilifanya nini. Mstari wa kwanza ni wa kulalamikia. Wa pili ni wa kesho asubuhi.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliandika kwamba usiku taa ikishaondolewa alijihoji kuhusu siku yake yote bila kujificha kitu, kisha akajisamehe. Hapo kwa kujisamehe ndipo nakwama. Mguu uliochomeka si wangu. Ninaweza kujisamehe kwa kuchelewa kushika breki, lakini ya yule mama yako mikononi mwake, na yeye hasomi daftari langu.

Nikaenda kibandani kwake. Nikamwambia, "Mwaitu, siku ile si pikipiki. Nilikuwa nakimbia." Akaendelea kukata sukuma wiki. Kovu lilikuwa limeanza kufifia.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Jioni niliandika swali lake, na chini yake nikaacha mistari miwili mitupu.