Umeme Uliobaki: Kapasita na Swali la Msamaha

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa miezi kadhaa kwenye kibanda cha fundi redio mmoja pale Tanga, nikisubiri matokeo. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufungua skrubu na kutumwa chai. Siku moja ililetwa TV ya chogo. Mwenyewe aliiwasha mbele yetu ili tuone kwamba haitoi picha, akachomoa plagi, akaenda zake sokoni. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikaingiza mkono. Mzee akaudaka mkono wangu hewani.

"Umehakikisha imelala?"

"Si imezimwa, Mzee?"

"Kuzimwa imezimwa. Kulala bado."

Akachukua balbu yenye waya mbili, akazigusisha kwenye miguu ya kikopo cheusi kilichosimama kwenye bodi. Balbu ikawaka ghafla, ikazima. Hakukuwa na waya wowote ukutani, lakini TV ile ilikuwa imetoa mwanga.

Kikopo kile ni kapasita. Ndani yake kuna sahani mbili za metali, mara nyingi karatasi nyembamba za alumini zilizokunjwa kama mkeka, na katikati yake kitu kisichopitisha umeme. Ukiiunganisha na umeme, sahani moja hujaa chaji na nyingine hupungukiwa. Pande mbili zinavutana, lakini kizuizi cha katikati hakiziruhusu kukutana. Hapo ndipo nishati inapokaa. Betri huzalisha umeme wake kwa kemia. Kapasita haizalishi chochote, inashika tu ilichopewa. Na ukiondoa chanzo, yenyewe haina habari. Katika TV kama ile, inayotumia umeme wa nyumbani wa volti 230, kapasita kubwa hushika zaidi ya volti 300. Inatosha kumuua mtu.

Nimekumbuka kibanda kile kwa sababu ya jambo ambalo limenisumbua miaka mingi. Baada ya baba kufariki, kaka yangu mkubwa aliuza shamba la mzee bila kutuambia sisi wadogo zake. Mnazi niliopandiwa siku niliyozaliwa ulikuwa mle ndani. Wazee walituketisha mkekani, kaka akaomba radhi, nikasema nimesamehe. Wallahi sikudanganya. Nilitoka pale kifua chepesi.

Miaka tisa baadaye, kwenye arusi ya binti yake, kaka alisimama kushukuru. Akamtaja marehemu baba na "urithi aliotuachia". Maneno mawili tu hayo. Mikono ikaanza kunitetemeka, nikatoka nje kwa kisingizio cha simu. Nikiwa kule gizani nikajiuliza: kumbe sikusamehe? Yale ya mkekani yalikuwa maigizo?

Hilo ndilo swali langu leo, msomaji. Hasira ikirudi baada ya msamaha, je, msamaha ulikuwa wa uongo?

Waswahili tuna jibu la haraka: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali nzuri, lakini naona tunaitumia vibaya. Tunaitamka kama mtu anayechomoa plagi na kudhani kazi imekwisha. Tunamwambia aliyeumizwa, "Si yameisha hayo?" Ni kweli yameisha, ukutani. Hatujauliza kama yamelala.

Wengine watasema basi dawa ni kutoshika kitu kabisa, kusahau. Nao nawakatalia. Umeme wa nyumbani huenda na kurudi. Ukigeuzwa uelekee upande mmoja, unafika kwa mawimbi yanayopanda na kushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde. Kapasita hujaza yale mabonde: hupokea wimbi linapopanda, na kutoa linaposhuka. Redio ambayo kapasita yake imekufa hunguruma, huwezi hata kusikiliza taarifa ya habari. Mtu asiyeshika chochote ndivyo alivyo, leo rafiki, kesho adui, kutegemea upepo wa siku ile. Kumbukumbu inayonipa uchungu wa shamba ndiyo hiyo hiyo inayonikumbusha kwamba kaka alinibeba mgongoni kwenda zahanati nilipougua malaria. Siwezi kung'oa moja nikabaki na nyingine.

Kwa hiyo kushika si dhambi. Suala ni namna ya kutoa. Kuna mafundi wanaopiga shoti kwa bisibisi: cheche, mlio, ncha ya bisibisi inayeyuka, pengine na kapasita yenyewe inaharibika. Mzee wangu alitumia balbu kwa sababu balbu inaupa umeme kazi ya kufanya, unapungua bila kuvunja kitu. Kama ningesimama arusini nikasema yangu mbele ya wakwe, ingekuwa bisibisi.

Lakini somo kubwa lilikuja baada ya balbu. Mzee alipima kwa mita: sifuri. Akaniambia niende kuleta chai. Niliporudi akapima tena bila kuwa ameichomeka popote, na mita ikaonyesha volti kadhaa. Nikashangaa, nani kaijaza?

"Hakuna aliyeijaza," akasema. "Ilikuwa imemeza. Sasa inacheua."

Baadaye nilisoma kwamba ni jambo linalojulikana vizuri. Kizuizi kilicho kati ya sahani nacho huathirika kikikaa muda mrefu na umeme: sehemu ya chaji huzama ndani yake polepole, na hutoka polepole vilevile. Ukiitoa mara moja upesi, unatoa ya juu tu. Ile ya ndani hupanda yenyewe. Ndiyo maana kapasita kubwa za volti nyingi huhifadhiwa miguu yake ikiwa imeunganishwa kwa waya, hata zikiwa stoo.

Sifuri ya kwanza ilikuwa sifuri ya kweli. Mita haikudanganya, na volti zilizorudi hazikuifanya iwe uongo. Zilionyesha tu kwamba kapasita ilishika kwa kina kuliko tulivyodhani. Nami nadhani msamaha wa mkekani ulikuwa wa kweli kwa yote niliyoweza kuyafikia siku ile. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba nikishasamehe mara moja, nikihisi tena uchungu mimi ni mnafiki. Aibu hiyo ilinifanya nikae kimya, na kimya ndicho kilichoacha kitu kipande.

Hili halimpi ruhusa aliyeumizwa kumtoza mkosaji deni lile lile kila Idi. Anachowiwa ni nafasi ya kusema tena, kwa sauti ya kawaida, bila kuambiwa "si yameisha?" Na aliyekosa anawiwa kujua kwamba kusikiliza mara ya pili si kuhukumiwa upya.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa kaka. Nilimwamkia, tukanywa kahawa, nikamweleza kilichonitoa nje siku ile. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza ule mnazi ulikuwa upande gani. Nikamwonyesha kwa kuchora mezani na kijiko. Tangu hapo, nikienda kwake, huwa tunaligusa shamba kidogo, halafu tunaendelea na mengine.