Dawa Isiyo na Mwenyewe

Baba mdogo aliishi nyuma ya migomba, mwendo mfupi kutoka mjini Tukuyu. Hakuwa na jokofu. Insulini yake aliihifadhi katika chungu kidogo kilichokalishwa juu ya mchanga wenye maji, na baridi ya kwetu ikamsaidia. Jioni moja, nilipokwisha kumwamkia na kuketi, alinionyesha kichupa.

"Mwanangu, wewe umesoma. Wanasema hii ni insulini ya binadamu. Ni binadamu gani huyo? Na je, alikubali?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Nikamweleza ninachokijua. Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Mwaka 1978 wataalamu wa California waliunda kwa kemikali maelekezo ya kutengenezea insulini ya binadamu, wakayatia ndani ya bakteria wa jamii ya wale wanaoishi matumboni mwetu. Bakteria wakaifanya kazi hiyo. Mwaka 1982 dawa iliruhusiwa kuuzwa Marekani. Ni protini yenye viungo 51, vilivyopangwa sawasawa na vya kwetu, lakini haikukamuliwa mwilini mwa mtu yeyote.

"Kwa hiyo, baba, hakuna aliyeumizwa wala aliyeombwa."

Akafikiri. "Basi kama haina mwenyewe, mbona nailipia?"

Ndugu msomaji, baadaye nilikuja kujua kwamba wakati ule, malipo ya majani ya chai yalipochelewa, alikuwa akijidunga nusu ya dozi. Mwaka uliofuata alikatwa mguu. Ndiyo maana swali lake sikuweza kulisahau.

Jibu la kwanza ni la haki: tunalipia kazi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Katika maabara za utafiti zimo protini nyingi za binadamu zilizotengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na juu ya vichupa vyake pameandikwa kuwa ni za utafiti tu, asipewe mgonjwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na dawa. Tofauti kubwa ni jasho la kusafisha, kupima na kuthibitisha kila toleo kwamba halitamdhuru mtu. Anayeifanya kazi hiyo kwa uaminifu anastahili ujira. Jirani akinipa chipukizi la mgomba simlipi, lakini kijana atakayenichimbia shimo nitamlipa.

Hata hivyo, chipukizi si shimo. Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola 1 kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jeni ya mtu, kama ilivyo kwa asili, haiwezi kuwekewa hataza. Nakala iliyoundwa maabara ndiyo inayoweza. Hata sheria, basi, inajua kwamba kuna kilichoundwa na kuna kilichorithiwa. Maelekezo ya insulini ni urithi. Mimi ninayo, wewe unayo, na baba mdogo alikuwa nayo pia, ingawa mwili wake haukuweza tena kutimiza kazi hiyo.

Tazama na jambo jingine la hapa hapa Rungwe, wilaya yenye mito ya kasi na ugonjwa wa usubi. Dawa ya usubi nayo asili yake ni bakteria, waliotolewa katika udongo wa Japani. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa kila anayeihitaji, kwa muda wote atakaoihitaji. Dawa mbili, zote kazi ya vijidudu. Moja watu wa kwetu wameimeza bila kulipa, nyingine baba mdogo aliigawa nusu. Vijidudu havikuamua hivyo. Waliamua watu.

Lakini zawadi nayo haitoshi kuwa jibu, maana humtegemea mtoaji, na mtoaji anaweza kubadili nia. Nionavyo mimi, mgonjwa ana dai kwa sababu ya urithi, na mtengenezaji ana dai kwa sababu ya kazi. Madai yote mawili ni ya kweli. Kosa letu ni kumwacha mgonjwa peke yake amalize deni la mtengenezaji. Zamani mtu alipobebwa kwa machela kwenda hospitali, wabebaji walipokezana, na hakuna aliyemdai aliyelala juu yake. Bei ya insulini nayo ni mzigo wa kupokezana, kupitia serikali na mifuko yetu ya pamoja.

Swali lake la kwanza nililijibu jioni ile ile. La pili nilimwambia tu, "Ndivyo ilivyo, baba." Akakirudisha kichupa chunguni, akafunika.